Mkunga, Daktari na Amana ya Mgonjwa: Maadili ya Tiba kutoka Wasini hadi Msambweni

Kisiwa cha Wasini hakina gari wala barabara ya gari. Kina vijia vyembamba vya mawe ya matumbawe, misikiti, mabirika na matangi ya kukinga maji ya mvua, na vijiji viwili vikubwa: Wasini yenyewe upande wa magharibi na Mkwiro upande wa mashariki. Mgonjwa akizidiwa na mambo yakaishinda zahanati, hupakiwa botini, akavushwa mlango wa bahari hadi Shimoni, kisha akatiwa garini kuelekea hospitali ya rufaa ya Msambweni. Kusi likivuma usiku na bahari ikachafuka, safari yenyewe huwa sehemu ya ugonjwa.

Mjini Mombasa, mgonjwa aliyedharauliwa anaweza kuondoka akatafuta hospitali nyingine mtaa wa pili. Wasini hakuna mtaa wa pili. Mgonjwa anamtegemea aliyeko zamu siku hiyo, na aliyeko zamu anajua hivyo. Kwa sababu hiyo naona historia ya maadili ya madaktari na wauguzi wetu inasomeka vizuri zaidi kutoka pembezoni huku kuliko kutoka Nairobi zinakotungwa kanuni. Ninalotaka kulionyesha ni kwamba uadilifu wa tiba katika pwani hii siku zote umetegemea mambo mawili: tabibu kuwajibika kwa watu anaowatibu, na jamii au serikali kumpa tabibu huyo njia ya kufanya kazi yake. Sheria za miaka mia moja iliyopita zimelisemea sana la kwanza. La pili zimelichelewesha, na anayelipa gharama ya kuchelewa huko ni mgonjwa, kisha muuguzi.

Kabla ya hospitali palikuwa na wakunga, waganga wa dawa za miti, ngariba, wajuzi wa vitabu vya tiba na falaki, na mashehe walioandika kombe kwa zafarani kwenye sahani ili maandishi yaoshwe na maji yake yanywewe. Wavumba, waliotoka Vumba Kuu upande wa bara wakakaa Wasini na Vanga, walikuwa na madiwani wao na masharifu ambao dua zao zilithaminiwa. Alfred Claud Hollis, ofisa wa Kiingereza, alichapisha maelezo ya historia ya Vumba mwaka 1900, na kazi yake ilishughulika hasa na watawala na nasaba zao. Kwa maisha ya nyumbani tunamshukuru zaidi Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, kinaupa uzazi na uganga nafasi kubwa.

Mkunga ndiye mtaalamu ninayemweka mbele katika historia hii. Hakuwa na cheti, lakini alikuwa na mwalimu, kwa kawaida mama yake, shangazi au mkunga mzee aliyemfuata nyumba kwa nyumba miaka mingi. Aliitwa usiku na hakuwa na ruhusa ya kukataa. Ada yake ilijulikana, na aghalabu ilikuwa kitu cha kutumia nyumbani kama nguo au chakula, wala mtoto hakusubirishwa tumboni mpaka ada ipatikane. Zaidi ya hayo, aliona yasiyoonwa na mtu mwingine: mwili wa binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, mtoto aliyezaliwa na kilema, alama za kipigo. Methali yetu inasema mficha uchi hazai. Inamwamrisha mzazi ajifunue, na kwa amri hiyo hiyo inambebesha anayejifunuliwa wajibu wa kunyamaza. Mkunga aliyepeleka habari za leba kisimani hakuhitaji kushtakiwa popote; aliacha tu kuitwa.

Kanuni kama hizo hazikuwa ngeni katika ulimwengu wa Bahari ya Hindi. Tangu karne ya 9, Ishaq ibn Ali al-Ruhawi alikuwa ameandika kwa Kiarabu kitabu kizima cha adabu za tabibu: usafi wake, ulimi wake, siri za wagonjwa wake, na namna kazi yake inavyopaswa kukaguliwa na wenzake. Sidai kwamba kitabu hicho kilisomwa Wasini. Nasema tu kwamba watu wa pwani hawakungoja meli ya Ulaya ili wajue kuwa mwili wa mgonjwa ni amana.

Wala sitaki kuipamba enzi hiyo. Wanawake wengi walikufa kwa kutokwa na damu ambayo mkunga hakuwa na dawa ya kuizuia. Walikuwapo waganga waliokula mali ya wafiwa kwa kuwatajia mchawi, wakaacha jamaa wamefarakana vizazi viwili. Kudhibitiwa na majirani kunafaa pale makosa yanapoonekana. Makosa ya ujinga hayaonekani na mtu ambaye naye hajui.

Tiba ya Ulaya iliingia kwa mlango wa biashara. Kipindupindu kilipoipiga Unguja mwaka 1869 na 1870, daktari James Christie, Mskochi aliyekuwa akiishi huko, alikusanya habari za njia za misafara na za vyombo vya baharini hata akaweza kueleza ugonjwa ulivyosafiri. Kitabu chake cha mwaka 1876 ni ushahidi wa daktari aliyekubali kuuliza na kusikiliza. Miaka kumi na miwili baadaye, Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati yake mwaka 1888, ilikuja kuweka kituo Shimoni, mkabala na Wasini. Daktari wa Kampuni, na baadaye wa serikali, aliajiriwa kwanza kwa ajili ya Wazungu, askari na vibarua. Aliyemwajiri ndiye aliyemwajibisha.

Hapo ndipo uwajibikaji ulipovuka maji. Sheria ya mwaka 1910 ya madaktari katika Himaya ya Afrika Mashariki ilianzisha orodha ya walioruhusiwa kutibu, lakini mwanakijiji wa Mkwiro hakuwa na mahali pa kumlalamikia aliyemo katika orodha hiyo. Vita ya mwaka 1914 ilipofika Majoreni na Gasi, vijana wa pwani na bara wakachukuliwa upagazi, na waliokufa kwa maradhi na lishe mbovu walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Msambweni ikawa miongoni mwa sehemu zilizotengewa makazi ya wenye ukoma. Wapo waliopata matunzo huko ambayo kwao wasingepata, lakini mtu alipewa dawa pamoja na kutengwa, na hakuulizwa kama anakubali vyote viwili.

Hofu ya mumiani ilienea katika miaka hiyo. Kutoka pwani hadi Uganda watu walisimuliana kwamba kuna wanaokamatwa usiku ili damu yao itolewe ifanywe dawa, na mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo katika kitabu chake cha mwaka 2000. Wako wanaozitaja kama ushamba. Mimi naziona kama hukumu ya umma juu ya tiba isiyojieleza. Anayetolewa damu na mgeni aliyefuatana na askari, asiambiwe inakwenda wapi, atajitungia jibu mwenyewe.

Waafrika wenyewe waliingia taratibu. Shule ya udaktari ya Mulago, Kampala, ilianza mwaka 1924, na waliohitimu walifanya kazi miaka mingi chini ya Wazungu kwa cheo na mshahara wa chini. John Iliffe ameifuatilia safari yao katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu madaktari wa Afrika Mashariki, na kinachogusa humo ni jinsi madaktari hao walivyoing'ang'ania heshima ya taaluma kwa sababu walinyimwa heshima nyingine zote. Kwa wauguzi na wakunga wa Kenya, sheria ya kuwasajili ilitungwa mwaka 1949. Nchi ilipopata uhuru, taaluma hizi zilikwisha kuwa na viapo na sare, na pia mazoea mabaya ya kumkaripia mgonjwa yaliyorithiwa kutoka wadi za kikoloni. Mazoea hayo hayajatutoka.

Baada ya uhuru zikafuata sheria moja baada ya nyingine: ya madaktari na madaktari wa meno mwaka 1977, ya wauguzi mwaka 1983, ya maafisa wa kliniki mwaka 1988. Zilileta mabaraza yenye uwezo wa kumfutia mtu usajili. Kenya ilikuwa na la kujivunia pia: Eunice Muringo Kiereini, Mwafrika wa kwanza kuwa muuguzi mkuu wa serikali, aliongoza Baraza la Kimataifa la Wauguzi kuanzia 1981 hadi 1985. Lakini maamuzi mawili ya serikali yaliathiri maadili ya kazini kuliko viapo vyote. La kwanza lilitokana na Tume ya Ndegwa ya mwaka 1971, iliyofungua mlango kwa watumishi wa umma kufanya biashara zao. Daktari wa serikali sasa alikuwa na sababu ya kumwambia mgonjwa, "Njoo unione jioni kule kwangu." La pili lilikuja Desemba 1989, wagonjwa walipoanza kutozwa ada katika vituo vya serikali.

Ada hizo zilisitishwa mwaka 1990, zikarudi, zikapunguzwa mwaka 2004 kuwa shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa vituo vya afya, hatimaye zikafutwa katika vituo hivyo Juni 2013, huku uzazi katika hospitali za umma ukifanywa bure. Katika miaka hiyo yote muuguzi wa zahanati alikuwa mtibabu, karani wa fedha na mlinda mlango kwa wakati mmoja. Mvuvi asiye na senti siku ya bahari mbaya alisimama mbele yake, na yeye ndiye aliyepaswa kuamua kama atii kanuni au aitii dhamiri. Hospitali kubwa zilifikia kuwazuilia wadini akina mama waliokwisha kujifungua kwa sababu hawakulipa, hata Mahakama Kuu ikaamua mwaka 2015, katika kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwamba jambo hilo linavunja haki zao.

Kesi nyingine, ya Bungoma, ningependa kila anayelaumu wauguzi aijue. Mwaka 2013 mwanamke alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma, akatukanwa na kupigwa na waliopaswa kumsaidia. Mahakama Kuu ilipotoa uamuzi mwaka 2018 haikuishia kwa wauguzi. Iliona pia kwamba serikali ya taifa na ya kaunti zilishindwa kuweka rasilimali na kusimamia huduma hiyo ipasavyo, ikaagiza alipwe fidia na aombwe radhi. Kofi lile halina udhuru wowote. Lakini kitanda kisichokuwapo nacho kina mwenyewe, na mahakama ilimtaja.

Nirudi kisiwani, kwa sababu kuna sehemu moja ya maadili ambayo kisiwa kidogo huijaribu kuliko mahali pengine popote, nayo ni siri. Daktari wa mjini hutunza siri kwa kufunga mlango. Kisiwani kufunga mlango hakutoshi. Benchi la nje linaonekana na wapita njia, siku ya kliniki inajulikana na kila mtu, na anayepanda boti kila mwezi tarehe ile ile atahesabiwa na mabaharia. Muuguzi akiwa mzaliwa wa hapo, mgonjwa anaogopa undugu. Akiwa mgeni kutoka bara, mgonjwa anahofia lugha na dharau. Mama anayesema Kivumba nyumbani anataka kueleza maumivu ya sehemu za siri bila kijana wa jirani kugeuzwa mkalimani. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 inamkataza mhudumu kutoa habari za mgonjwa bila ruhusa, na sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 imeongeza ulinzi. Zote ni sheria nzuri, ila ziliandikwa kana kwamba siri inavujishwa na karatasi peke yake. Kisiwani inavujishwa na mpangilio wa jengo, na siku moja iliyotengwa kwa maradhi fulani.

Serikali yenyewe ilijikwaa hapo. Februari 2015 Rais wa wakati huo aliagiza kukusanywe orodha ya watoto wa shule na wengine wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Nia iliyotajwa ilikuwa kuwahudumia. Fikiria orodha hiyo katika shule ya kijiji kimoja, ambako mwalimu, chifu na muuguzi wote ni jamaa wa watoto. Mahakama Kuu iliamua Desemba 2016 kwamba agizo hilo linakiuka Katiba. Mkunga mzee wa Mkwiro angelijua hilo bila wakili.

Ridhaa nayo ina historia ndefu upande huu. Dunia iliandika kanuni za ridhaa baada ya madaktari wa Kinazi kushtakiwa Nuremberg mwaka 1946 na 1947; tamko la Geneva la madaktari likafuata mwaka 1948 na lile la Helsinki mwaka 1964. Msambweni na vijiji vyake viliingia katika ramani ya utafiti miaka ya 1980, wizara ya afya na watafiti wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani walipoanza kuchunguza kichocho kwa watoto wa skuli na familia zao. Kaskazini yetu, kituo cha utafiti cha Kilifi cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na mfuko wa Wellcome wa Uingereza kilianza mwaka 1989, na watafiti wa hapo walichapisha mwaka 2004 uchunguzi wa uaminifu mkubwa kuhusu wazazi waliotia saini fomu: wengi hawakuelewa vizuri tofauti kati ya kutibiwa na kufanyiwa utafiti. Nawaheshimu kwa kuyasema hayo hadharani.

Kwale, kaunti yenye Wasini na Msambweni, imenufaika na somo hilo. Jaribio kubwa la dawa ya ivermektini dhidi ya malaria, liitwalo BOHEMIA, lilifanywa katika kaunti hii, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba maambukizi ya malaria yalipungua kwa asilimia 26 kwa watoto waliofuatiliwa. Faida ya namna hiyo haipatikani bila maelfu ya watu kukubali kumeza kidonge cha mgeni. Katika ardhi iliyozaa hofu ya mumiani, kukubali huko ni heshima kubwa waliyopewa watafiti, na malipo yake halali ni kurudi na matokeo vijijini, kwa Kiswahili na Kidigo, na kuhakikisha dawa iliyofanikiwa inabaki.

Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti, kama ilivyopangwa na Katiba ya 2010. Madaktari waligoma kuanzia tarehe 5 Desemba 2016 kwa siku 100, wakidai mkataba uliotiwa saini mwaka 2013, na viongozi wao wakafungwa kwa muda Februari 2017. Wauguzi wakafuata Juni 2017 na hawakurudi mpaka Novemba. Je, mwenye kiapo anaweza kugoma? Swali hili haliwezi kujibiwa kwa hasira. Uchunguzi wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2019, ukiangalia migomo sita ya kati ya 2010 na 2016, haukuona ongezeko la wazi la vifo kwa ujumla, ingawa waandishi wake walitahadharisha kwamba huenda athari ilikuwa kubwa kuliko walivyoweza kuipima. Hukumu yangu ni kwamba mgomo wa kudai glavu, dawa na wenzako wa kupokezana zamu unaweza kuwa tendo la maadili, mradi leba na dharura zisiachwe tupu. Serikali inayotia saini mkataba na kuuvunja haina haki ya kumsomea muuguzi kiapo chake.

Kuna jaribio jingine ambalo pwani ya kusini inalijua kuliko wengi. Kwa miongo mingi Wamakonde wa Kwale, na Wapemba wavuvi wa Shimoni na Vanga, waliishi bila vitambulisho vya Kenya. Wamakonde walitambuliwa rasmi mwaka 2017 na Wapemba mwaka 2023. Kabla ya hapo hawakuweza hata kujiandikisha katika bima ya afya ya taifa. Katiba, kifungu cha 43, inasema kwamba asinyimwe mtu matibabu ya dharura, haikusema raia. Muuguzi aliyempokea mama wa Kipemba usiku bila kumuuliza kitambulisho alikuwa mbele ya serikali yake kwa miaka.

Msambweni kuna kampasi ya Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya, na wanafunzi wake watapelekwa Lunga Lunga, Vanga, Shimoni na visiwani. Nawaomba walimu wa chuo hicho wawaalike wakunga wazee waliobaki Wasini, Mkwiro na Vanga waje darasani, waeleze walivyoitwa usiku, walivyofundishwa kunyamaza, na makosa waliyoyajutia. Nawaomba wenye mababu na mabibi wa kazi hiyo wawarekodi mwaka huu, kwa lugha yao wenyewe, na kupeleka nakala mahali pa kuhifadhi. Na wewe msomaji wa Kwale, kaunti itakapoita umma kujadili bajeti, nenda. Uliza zahanati ya kisiwani ina wauguzi wangapi, wanalala wapi, boti ya kuvushia wagonjwa ina mafuta ya usiku au haina, na jina la anayewajibika kwa hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.